Sinema ya zamani haina nyuma: jinsi ya kuigeuza kuwa ukumbi wa sanaa wa jamii

Majumba ya sinema ya miji midogo yaliyofungwa yanafanana kweli, mlango una mnyororo, herufi za filamu ya mwisho zimebaki nusu pale juu, na kila anayepita anasema hapa pangefaa ukumbi wa sanaa. Mengine yalikufa zamani wakati televisheni ilipoingia majumbani, mengine yalikufa baadaye kwenye mwaka 2013 na 2014 hivi, studio kubwa zilipoanza kuacha kusambaza filamu za mkanda wa milimita 35 zikahamia dijitali, mwenye sinema ndogo akaambiwa anunue projekta mpya ya bei mbaya akaona bora afunge.

Wazo ni zuri na limefanikiwa sehemu nyingi. Lakini kabla hujaanza kupaka rangi elewa kitu kimoja, jumba la sinema lilijengwa ili watu wakae watazame ukuta, basi. Nyuma ya ule ukuta hakuna kitu. Waigizaji wa kwenye filamu hawaendi chooni, hawabadilishi nguo, hawaji na ngoma sita na piano, na wala hawahitaji kupita kutoka kushoto kwenda kulia bila kuonekana. Wa kwako wanahitaji vyote hivyo. Karibu kila tatizo utakalokutana nalo kwenye hatua zinazofuata linatokana na hili.

Isipokuwa kama jengo ni la kabla ya filamu za sauti kushika, yaani miaka ya 1920 kurudi nyuma, hapo chungulia nyuma ya skrini kwanza kabla hujakata tamaa. Enzi zile sinema nyingi zilikuwa zinachanganya filamu na maonyesho ya watu hai, unaweza kukuta steji nzima imefunikwa na skrini iliyowekwa baadaye, na vyumba vya kubadilishia nguo vimegeuzwa stoo. Ukikuta hivo una bahati sana.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya nyundo

Nani ana hati, jengo lina madeni gani, kuna warithi wangapi na wanaongea au hawaongei. Angalia pia kama jengo liko kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa, maana hapo hata kubadilisha taa za nje unaombea kibali. Na soma masharti ya hati mpaka mwisho, kuna kampuni za sinema zikiuza jengo zinaweka sharti kwamba lisioneshe filamu tena kwa miaka kadhaa ili lisishindane na majumba yao mengine, utashangaa umepata jumba la sinema lisiloruhusiwa kuonesha sinema.

Kama mnapanga na sio kununua, mkataba uwe mrefu. Mkataba wa miaka miwili kwenye jengo ambalo nyie ndo mtaezeka paa ni kumjengea mtu nyumba yake. Andikeni wazi nani anatengeneza nini, paa na kuta kwa kawaida ziwe za mwenye jengo, na mkiondoka vifaa mlivyoleta (taa, spika, viti) mnaondoka navyo.

Hatua ya 2: Ingia siku ya mvua

Sio utani. Siku ya jua kila jengo ni zima. Nenda mvua inanyesha, na tochi kali, na kofia ngumu, na uende na injinia wa majengo sio rafiki yako anayejua ujenzi. Angalia mifereji ya paa, kenchi, pale ukuta unapokutana na paa, na kona za juu nyuma ya skrini ambako hakuna mtu amewahi kupatazama.

Dari ndo nina hofu nayo zaidi. Majumba ya zamani yana dari za plasta zenye maua na mapambo, zinavutia, lakini zinaning'inia kwa vifungo ambavyo huvioni kutoka chini. Tarehe 19 Desemba 2013 sehemu ya dari ya Apollo Theatre kule London ilidondoka onyesho likiendelea, watu zaidi ya 70 wakaumia, na kilichochoka ni vile vifungo vya kitambaa cha gunia na plasta vilivyokuwa vinaishikilia. Na ule ulikuwa ukumbi unaotumika kila siku. Wako umekaa umefungwa miaka na maji yanaingia, kwahiyo dari ikaguliwe kwa juu, mtu apande kule ndani ya paa aguse kila kifungo, kutazama kwa chini hakutoshi.

Vitu vingine vitatu vya hatari vya kutafuta kabla hamjaita watu kuja kujitolea kufagia:

Asbestosi. Ni nyuzi za madini zisizoungua, chumba cha projekta mara nyingi kilizungushiwa nazo ili moto usitoke, na pia iko kwenye mabomba ya joto, vigae vya sakafu, dari za kupuliza, hata mapazia ya zamani ya kuzuia moto. Ikiwa imetulia haina shida kubwa, ukiitoboa au kuifagia ndo vumbi lake linaingia kwenye mapafu. Mtaalamu achukue sampuli, nyie msiguse.

Filamu za zamani. Ukikuta makopo ya filamu stoo usifungue ovyo. Filamu za naitreti, ambazo utengenezaji wake ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1950, zinawaka kwa kasi ya ajabu na zikishawaka maji hayazimi maana zinajitengenezea oksijeni zenyewe. Zikiwa zinanata au zina unga wa kahawia, basi toka nje, piga simu zimamoto au hifadhi ya filamu ya taifa. Harufu ya siki ni filamu ya aina nyingine, asetati, inaoza lakini hailipuki.

Taa ya xenoni ndani ya projekta. Ile balbu ina gesi yenye mgandamizo mkubwa hata ikiwa baridi, ikidondoka inapasuka kama bomu. Inatolewa na fundi mwenye kinga ya uso na glavu.

Hatua ya 3: Nani ataingia Jumanne mchana

Watu wakikutana kujadili ukumbi wote wanaota usiku wa Jumamosi, tiketi zimeisha. Jengo haliishi kwa Jumamosi. Kaeni na kwaya, walimu wa shule, kikundi cha maigizo, vijana wa bendi, wacheza ngoma, wachoraji, wazee, muulize kila kikundi swali moja tu, mtatumia lini na mtahitaji nini. Andika majina na simu, anayesema "wazo zuri sana" bila kutaja siku usimhesabu.

Na hapa kuna ukweli ambao vikao vingi vinaukwepa. Mahitaji yanagongana. Kwaya inataka ukumbi unaorudisha sauti, bendi yenye spika inataka ukumbi mkavu usiorudisha. Wacheza dansi wanataka sakafu ya mbao inayonesa kidogo, wakiruka juu ya zege magoti yanakwisha. Maigizo yanataka mbavu za steji (nafasi za pembeni wanakosubiri waigizaji bila kuonekana), filamu inataka giza na skrini isiyosogezwa, harusi na mikutano (ambayo ndo inalipa bili) inataka sakafu tambarare. Ukumbi wa kila kitu unaishia kuwa mbovu kwa kila kitu. Mi nashauri mchague matumizi mawili yatakayopewa kipaumbele, mengine yabanane humo humo.

Hatua ya 4: Milango ya kutokea, kabla ya kiti hata kimoja

Tarehe 30 Desemba 1903 Iroquois Theatre ya Chicago iliungua na watu kama 600 wakafa, jengo jipya kabisa halijamaliza hata miezi miwili toka lifunguliwe na lilitangazwa kuwa haliungui. Milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine inafunguka kwa ndani kwahiyo umati ukiisukuma ndo inazidi kujibana, mingine imefichwa na mapazia. Sheria nyingi za leo za milango ya kufunguka nje na ile baa ya kusukuma (fimbo iliyolala kwenye mlango) zimetokana na maafa kama yale.

Kwahiyo mwite mtu wa zimamoto mapema, wakati bado hakuna ulichojenga. Ukimwita mwishoni atakuambia uvunje, ukimwita mwanzoni anakuwa mshauri wako wa bure. Muulize idadi ya watu atakayoruhusu, maana idadi inatokana na upana na wingi wa milango, sio viti vilivyokuwepo. Sinema ya viti 500 inaweza kupewa 300, na bajeti yako yote ya tiketi ilikuwa imeandikwa 500. Kumbuka pia steji ni mzigo mpya wa moto, mapazia, mbao, taa zenye joto, kwahiyo masharti yanaweza kuwa makali kuliko ya sinema.

Hapo hapo fikiria mtu wa kiti cha magurudumu. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba rampu ipande sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, na sakafu za sinema mara nyingine ni kali zaidi ya hapo. Na rampu isiishie kwenye viti tu, huyo mtu anaweza kuwa ndo mwimbaji, atapandaje steji?

Hatua ya 5: Fungua sehemu ya mbele kwanza

Paa likiwa halivuji na milango imepita kwa mtu wa zimamoto, msisubiri ukumbi mkubwa. Pale mbele penye dirisha la tiketi na kaunta ya bisi panatosha kwa maonyesho ya picha, madarasa ya watoto, usomaji wa mashairi, muziki wa gitaa moja. Panahitaji choo kinachofanya kazi, umeme salama na rangi. Watu wakianza kuingia wanaanza kuliona jengo kuwa la kwao na hata kuomba michango kunakuwa rahisi, maana mfadhili anaona kitu kinachopumua sio mchoro. Watu wakikaa miaka mitatu wanasikia "tunakarabati" huku mlango umefungwa wanaacha kuuliza.

Vyoo, kwa njia, havitoshi. Sinema watu wanakwenda chooni mmoja mmoja gizani, onyesho la jukwaani lina mapumziko na watu wote wanasimama dakika moja. Ongezeni, hasa vya wanawake.

Hatua ya 6: Steji

Nafasi kati ya skrini na ukuta wa nyuma huwa ni mita moja au moja na nusu, ya spika tu. Huwezi kurudi nyuma, kwahiyo unakuja mbele, unatoa safu tatu nne za kwanza za viti, ambazo hata hivo hakuna aliyezipenda maana shingo ilikuwa inauma. Lenga kina cha mita 5 au 6. Kimo kati ya sentimita 60 na 90, jicho la mtu aliyekaa liko kama mita 1.1 au 1.2 juu ya sakafu, steji ikipita hapo aliye mbele haoni miguu ya mcheza dansi. Kabla ya kujenga weka meza kwenye kimo hicho, mtu asimame juu, we zunguka ukae kila kona ya ukumbi. Jaribio la nusu saa litaokoa pesa nyingi.

Mbao na fremu chini zibebe uzito. Wahandisi wengi wanapigia steji hesabu ya kati ya kilo 500 na 750 kwa kila mita ya mraba, watu ishirini wakiruka kwa pamoja sio sawa na watu ishirini waliosimama. Steji ya vipande vinavyofungwa na kufunguliwa ni bora kuliko ya zege, miaka miwili ya kwanza utataka kuibadilisha tu.

Skrini usiitupe. Usiku wa filamu unavuta watu na hauna gharama ya kundi zima la wasanii. Ifanye ya kuviringishwa juu, au itundike kwenye bomba liende nyuma ya pazia. Ile ya zamani ina vitundu vidogo vidogo vya kupitisha sauti ya spika za nyuma, usiipake rangi ya ukutani vitundu vikaziba, na usiisugue kwa maji na sabuni.

Hatua ya 7: Mteremko wa sakafu

Kila kikao lazima atokee mtu wa kusema tusawazishe sakafu yote. Subirini kwanza. Sakafu ikiwa tambarare mtu wa safu ya kumi haoni, na pia milango ya pembeni ya dharura iko kwenye kimo cha mteremko, ukijaza mbele sakafu inapanda na mlango unabaki chini ya miguu yako. Mkijaza kwa udongo na zege mnaongeza tani za uzito ambazo labda chini hapakuandaliwa.

Mi ningefanya nusu nusu. Acha viti vya kudumu sehemu ya nyuma, mbele sawazisha eneo moja kwa fremu za mbao au chuma, weka viti vya kukunja. Siku ya onyesho viti, siku ya darasa la ngoma eneo wazi. Viti vya zamani kagua bawaba na skrubu za sakafuni, vile vilivyo hoi vivunjwe viwe spea za vingine.

Hatua ya 8: Sauti

Piga kofi moja katikati ya ukumbi, au pasua puto. Ukisikia "pa" imekufa pale pale, hiyo ndo sinema, kuta zina vitambaa na kapeti kwa makusudi maana filamu inakuja na mwangwi wake ndani. Mwimbaji asiye na maiki ataimba mpaka mishipa itoke na safu ya nyuma hawatamsikia vizuri.

Hesabu ya mwangwi iligunduliwa na mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianza mwaka 1895 kwenye ukumbi uliokuwa hausikiki, akawa anahamisha mito ya viti usiku kutoka ukumbi mwingine huku anapima sekunde ambazo sauti inakaa. Sekunde za mwangwi ni 0.161 mara ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, gawanya kwa jumla ya eneo linalonyonya sauti. Chukua ukumbi wa mita 25 kwa 12 kwa 7, ujazo 2,100. Ukitaka sekunde 0.6 za filamu unahitaji mita za mraba 560 hivi za kunyonya, ukitaka sekunde 1.2 zinazoifaa kwaya kidogo unahitaji 280. Yaani unaondoa nusu nzima ya vitambaa na kapeti. Na watazamaji wenyewe wananyonya, kila aliyekaa ni karibu nusu mita ya mraba, kwahiyo ukumbi mtupu wakati wa mazoezi utakudanganya.

Ushauri wangu, usibandue kila kitu. Toa kapeti chini ya steji na mbele yake, toa vitambaa vya kuta zilizo karibu na steji ili sauti ipate pa kugonga, za nyuma ziache maana ukuta wa nyuma ukiwa mtupu unarudisha sauti kwa mwimbaji kama anajibiwa. Alafu weka mapazia mazito kwenye reli pembeni, siku ya bendi unayafunga, siku ya kwaya unayafungua.

Na jirani je? Sinema ilikuwa na kuta nene lakini besi ya bendi inapita kwenye milango na matundu ya hewa. Pima usiku, mmoja apige ndani, mwingine asimame dirishani kwa jirani.

Hatua ya 9: Umeme na taa

Wayaringi ya zamani toa yote, hapa sina mjadala. Taa za steji za halojeni zilikuwa wati 750 au 1,000 moja, ishirini ni kilowati 15 mpaka 20, jengo halijawahi kubeba hivyo kwa ajili ya taa. Za LED zinafanya kazi ileile kwa wati 150 mpaka 300, kwahiyo japo zinauma kununua, mnaokoa kwenye nyaya na kwenye bili na joto pia. Saketi za sauti zitenganishwe na za taa, vinginevyo spika zitavuma usiku kucha.

Hakuna cha kutundikia taa juu. Msitundike kwenye ile dari ya plasta hata kama ndoano inaonekana ngumu. Tumieni mabomba yaliyofungwa kwenye kuta za pembeni kwa hesabu ya injinia, au minara ya kusimama sakafuni, na kila taa iwe na waya wa pili wa usalama.

Chumba cha projekta kila mtu anataka kumweka fundi wa sauti mule. Kina kioo nene, hasikii chochote cha ukumbini, ataongeza maiki mpaka watu wazibe masikio. Mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ikae ndani ya ukumbi, theluthi mbili kwenda nyuma, poteza viti sita. Fundi wa taa yeye akae juu hamna shida, anahitaji kuona tu.

Hatua ya 10: Itengeneze hiyo nyuma

Vyumba viwili vya kubadilishia nguo, choo cha wasanii peke yake, maji, vioo, na mlango unaofungwa kwa ufunguo maana simu zinaibiwa. Kama kiwanja kina nafasi, jenga kibanda kinachoungana na ukuta wa nyuma na utoboe mlango (injinia tena, ukuta ule unaweza kuwa umebeba kenchi). Kama hakuna nafasi angalia vyumba vya maduka au ofisi vilivyo mbele ya jengo, wasanii watapita korido ya pembeni. Steji nayo acha pazia jeusi nusu mita au zaidi mbele ya ukuta wa nyuma, hiyo ndo njia ya kuvuka bila kuonekana.

Mizigo sasa. Filamu ziliingia kwa mlango wa mbele ndani ya makopo. Piano kubwa ya tamasha ina mita 2.7 na inakaribia nusu tani. Hata kama hamtanunua piano, kuna spika, ngoma, mbao za maigizo, kwahiyo mlango mpana wa pembeni unaofikika na gari ni muhimu kuliko mapazia ya velveti. Sijui kwanini watu wanaanza na velveti.

Hatua ya 11: Pesa, ratiba na funguo

Ukarabati wa jengo la zamani weka akiba ya asilimia 15 mpaka 20 juu ya makadirio, ukuta ukifunguliwa huwa una habari zake. Na tenganisheni vichwani pesa ya kukarabati na pesa ya kuendesha, ya kwanza wafadhili wanaipenda kwa sababu kuna kibao cha jina, ya pili (umeme, usafi, bima, mlinzi) hakuna anayetaka kibao juu yake. Wekeni bei mbili, vikundi vya jamii bei ya chini, wateja wa biashara bei kamili, na msione aibu.

Kuonesha filamu hadharani kunahitaji leseni ya mwenye haki hata kama diski mmeinunua dukani na hata kama kiingilio ni bure, na muziki nao una watu wake wa kulipwa.

Ratiba iwe moja, mahali pamoja, na mtu mmoja anayeiandika. Ugomvi mwingi wa kumbi hizi hauanzi kwenye sanaa, unaanzia kwa kwaya iliyofika saa kumi ikakuta bendi inafunga spika. Funguo zihesabiwe na zisainiwe. Na kila kikundi kinachotumia ukumbi kitoe mtu mmoja aliyefundishwa kuzima meni swichi, kufungua milango ya dharura na kuhesabu watu, huyo asipokuwepo siku hiyo hakuna mazoezi.